Sikio la Kushoto la Syovata

Jumapili ya pili ya Februari, saa nne na nusu asubuhi, Mbuvi alisimama katika kanisa la mabati lililo kwenye mashamba ya skimu ya makazi, juu ya Msambweni, akasema kwamba miaka tisa iliyopita alimwibia jirani yake Jefwa mbuzi. Kabla hajafika pale pa kueleza alimchinjia wapi, mbuzi aliingia kwa mlango wa mbele, kamba shingoni, akasimama karibu na ngoma. Alikuwa mbuzi jike mweupe mwenye pembe moja, vilevile Jefwa alivyomweleza chifu wakati ule. Shemasi alimfunga kwenye mguu wa meza ya sadaka, ibada ikaendelea. Maua ya mezani aliyala yote.

Mbuvi alikuwa mchoma makaa, na kwa miaka ishirini majirani walianua nguo walipomwona anapita. Januari aliokoka. Alibatizwa baharini, Galu, na tangu siku hiyo hakuonja pombe tena. Alichota maji mwenyewe, akaosha sufuria, akasalimia watu kwanza kabla hawajamsalimia. Na kila alichokiri, kilirudi. Bata wa Mwanaima alirudi. Turubai la ushirika lilirudi likiwa limekunjwa. Hata nje ya kanisa mambo yalikuwa hayohayo: siku moja alijisemea shambani, peke yake, kwamba jembe la Chome ni yeye aliyelichukua, na alipogeuka jembe lilikuwa limeegemea mnazi.

Kufikia Aprili kanisa lilikuwa limeweka benchi nje, chini ya upenu, kwa ajili ya wale ambao hawakuwa waumini lakini waliwahi kuibiwa. Walikaa pale kwa adabu, wakasikiliza ushuhuda kupitia dirishani, wakachukua vyao na kwenda zao. Mzee Abdurahman alikuja kutoka Mwabungo Jumapili tano mfululizo. Ya tano alipata baiskeli yake iliyopotea miaka kumi na mmoja nyuma, magurudumu yakiwa na upepo. Alisema alhamdulillahi, akamshukuru mchungaji, kisha akaukagua mnyororo jino kwa jino kabla ya kupanda, maana alimfahamu Mbuvi.

"Lisemwalo lipo," Mchungaji Samuel alipenda kusema, "na kama halipo laja." Watu walijibu amina.

Syovata, mke wa Mbuvi, alikaa safu ya tatu, ubavu wa kushoto umeelekea ukutani. Sikio la upande huo halikuwa likisikia. Miaka sita nyuma Mbuvi alimpiga kofi moja kwa sababu ya ufunguo wa stoo, ufunguo ambao baadaye ulipatikana ndani ya mfuko wa shati la Mbuvi mwenyewe. Tangu hapo upande mmoja wa dunia ulifungwa. Pikipiki zilimtokea ghafla. Akiitwa kutoka upande huo haitiki, na watu wasiomjua wakadhani ana maringo. Sasa alikuwa akingoja. Alijiambia kwamba ikiwa mbuzi aliyekwisha kuliwa anaweza kurudi na kwato zake, basi sikio ambalo halijatoka hata kichwani haliwezi kuwa kazi kubwa.

Shaka ilimwingia mwezi wa Machi na haikutoka. Aliona kwamba mumewe huchagua. Alikiri yale yaliyochekesha watu, na yale ambayo wenyewe walikuwa wamekaa kwenye benchi wakimngoja. Jumapili moja alisema, "Hata nyumbani, ndugu zangu, nilikuwa mkali kidogo," na hapohapo sikio la Syovata likaanza kuvuma, kama bomba ambalo maji yanarudi kutoka mbali. Syovata akashika kiti cha mbele. Lakini Mbuvi aliingia kwenye habari za turubai, na mvumo ukakatika. Basi Syovata akajua kwamba njia ni wazi, na kilichopungua ni neno tu.

Mwanaima aliuza mahamri njiapanda, na alikuwa rafiki wa Syovata tangu watoto wao wakiwa wadogo.

"Mama Mumbe, mumeo kabadilika kweli," alisema wakati wakichambua mchicha.

"Amebadilika."

"Na sikio?"

"Bado."

"Bata wangu karudi na manyoya yake yote. Kwani hilo sikio halina mwenyewe?"

Syovata aliendelea kuchambua. Alisema anangoja Mbuvi aseme kwa hiari yake.

"Haya, ngoja," alisema Mwanaima. "Lakini mficha uchi hazai, mwenzangu."

Wiki ileile, adhuhuri, Syovata alimkuta mumewe akisugua sufuria kwa majivu, akauliza. "Baba Mumbe, mbona la sikio hujalitaja?"

Mbuvi hakuacha kusugua. "Lile lilikuwa la Mbuvi wa zamani. Yule tulimzika majini."

"Na mbuzi wa Jefwa aliibwa na Mbuvi yupi?"

Aliisuuza sufuria mpaka ikang'aa. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Nikitaja mbuzi, watu wanacheka na mimi. Nikitaja lile, watautazama huu mkono. Kila nikisalimia mtu atautazama."

Syovata alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha.

"Basi litaje hapahapa. Mimi na wewe tu."

"Wewe unalijua. Nikutajie nini tena?"

Tangu siku hiyo Mbuvi alianza kumwombea. Kila asubuhi aliweka mkono juu ya kichwa cha mkewe na kumsihi Mungu auondoe ugonjwa wa sikio. Aliomba kwa moyo. Syovata alikaa wima, macho wazi, akiuangalia mkono.

Juni walimchagua Mbuvi kuwa shemasi. Siku ya kusimikwa kanisa lilijaa, simu zikainuliwa juu, benchi la nje likaongezwa la pili. Mbuvi alivaa koti, mkono wa kulia ndani ya mfuko. Alisimulia tangu mwanzo mpaka ubatizo, na hakuacha kitu chenye mwenyewe. Kisha akasema:

"Na mke wangu hasikii upande mmoja. Alianguka kisimani akaumia. Tangu niokoke sijalala bila kumwombea. Bwana asifiwe."

"Amina," kanisa likajibu, na kina mama wawili wakapangusa machozi.

Alianguka kisimani. Maneno hayo yalikuwa ya Syovata mwenyewe. Alimwambia daktari hivyo miaka sita iliyopita, kwa sababu Mbuvi alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia leso.

Syovata alisimama.

"Sikuanguka," alisema. "Ulinipiga kofi, Baba Mumbe. Kwa ajili ya ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako."

Watu wote waligeuka kutazama mlango, kama walivyozoea, na waliokaa karibu naye wakalitazama sikio. Walisubiri kwa haki kabisa, muda wa kutosha ubeti mzima wa wimbo. Kuku alipita mlangoni, akasita, akaendelea na safari yake. Hakuna kilichoingia. Ndipo watu wakaelewa kwamba mama anasema jambo ambalo halikutokea, maana lingekuwa limetokea, lingekuja.

"Hata mimi bata wangu nilimtaja mwaka mzima!" Mwanaima alipaza sauti kutoka dirishani. "Hakuja mpaka aliposema mwizi!"

Shemasi mmoja alikwenda, akamwambia kwa heshima kwamba hayo ni mambo ya ndani, akafunga dirisha.

Mchungaji Samuel aliomba wamkumbuke dada yao, Bwana amwondolee roho ya uchungu. Mbuvi aliinamisha kichwa. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Walimvika utepe, wakaimba, na Syovata akaketi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kupitia mashamba ya mihogo. Mbuvi alimbebea Biblia, akatembea upande wake wa kushoto. Syovata aliona kwa pembe ya jicho kwamba midomo yake inakwenda. Alizungumza njia nzima, tena kwa upole. Syovata hakumwomba ahamie upande wa pili. Huenda yalikuwa maombi, au shukrani, au mambo ya makaa. Lile la kofi halikuwamo, kwa sababu sikio lilibaki kimya mpaka nyumbani.