Hapo Kando ya Mlango wa Safina

Usiku wa jana niliota nafundisha watoto kupaka rangi za maji kwenye mtandao, kama ninavyofanya kila Jumamosi, ila safari hii nilipowaambia "maji kwanza, rangi baadaye," maji yalitii. Yalianza kushuka kutoka darini. Watoto wote, kwenye vile visanduku vyao vya skrini, wakasema, "Amina."

Somo lilikuwa safina ya Nuhu. Nilikuwa ndiyo kwanza nachora ubavu wake kwa penseli nilipoona kompyuta yangu inarefuka, inatoa mbao, inanuka lami. Visanduku vya watoto vikawa madirisha. Mimi nikajikuta ndani, nimevaa aproni, na kopo la kuoshea brashi limekaa kwenye stuli pembeni yangu.

"Shikamoo, Mwalimu Twilumba," likasema kopo.

"Marahaba. Kumbe unaongea?"

"Naongea tangu zamani. Hujawahi kuniuliza kitu."

Sikushangaa. Kopo linalonyweshwa maji machafu kila wiki lina haki ya kununa.

Akaingia Mtumishi Zabroni. Huyu ndiye mratibu wetu, anasimamia hii huduma ya kuwafundisha watoto neno la Mungu kwa kuchora. Alivaa suti yake ileile ya kijivu, na kidevuni alikuwa amebandika ndevu za pamba kwa gundi ya karatasi.

"Mimi ndiye Nuhu," akasema. "Bwana asifiwe."

"Amina," nikajibu, kwa sababu hiyo huwezi kuacha kuijibu hata ukiwa na hasira. Na hasira nilikuwa nayo. Ninayo tangu siku alipoweka sheria ya mlango.

Sheria yenyewe ni hii, na siyo ya ndotoni. Darasa linaanza kwa sala. Sala ikiisha mlango unafungwa, na mtoto aliyechelewa anabaki kwenye chumba cha kusubiri, jina lake linawaka pembeni ya skrini yangu mpaka tumalize. Kuna kitufe cha kumruhusu aingie. Nimekatazwa kukigusa. "Hata safina ilifungwa mlango, na aliyeufunga ni Mungu mwenyewe," anasema Zabroni, tena kwa upole, upole wa mtu ambaye hajawahi kuazima simu.

Anayechelewa ni mmoja tu. Anaitwa Atupele, na simu anayotumia ni ya mama yake, kwa hiyo jina linalowaka ni "Mama Atu Parachichi". Tunakaa mji mmoja, Njombe, lakini darasa liko mtandaoni, kwa hiyo hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kati ya watoto wote nilionao, huyo ndiye anayejua kuchora. Brashi yake ni kijiti kilichofungwa pamba kwa uzi, na kwa kijiti hicho, kabla ya sheria hii, alishanichorea ukungu wetu wa asubuhi mpaka nikaenda kutafuta sweta. Juzi mama yake alinipigia. "Mwalimu, mkimfungia tena namtoa. Nimechoka kumwona mtoto anaangalia kioo kitupu."

Basi, nikiwa humo ndani ya safina, nikasikia hodi.

"Hodi, mwalimu. Ni mimi Atu. Leo tunaanza na rangi gani?"

Nakimbilia mlangoni. Kitufe cha kuruhusu kipo, kikubwa kama sinia, kina macho mawili yenye usingizi.

"Mfungulie," nakiambia.

"Mimi huwa naguswa tu," kinajibu. "Mambo ya kuamua siyawezi."

Nikanyoosha mkono. Nyuma yangu watoto wakaimba kwa sauti moja kutoka kwenye madirisha yao: "Usiguse kilicho kibichi! Subiri kikauke!"

Kanuni yangu hiyo. Nimewakaririsha mwenyewe, kwa makofi. Na kweli mlango mzima ulikuwa umetoka kupakwa kahawia, bado unang'aa kwa maji.

"Utakauka lini?" nikauliza.

"Mvua ikiisha," likasema kopo.

Nikamgeukia Zabroni. "Mtumishi, mtoto yuko nje."

"Yuko na nani?"

"Peke yake."

"Humu wanaingia wawili wawili," akasema, huku akikaza ndevu zake zilizoanza kuachia.

Wakati huohuo wakaja konokono wawili. Walipita chini ya mlango taratibu kabisa, bila wasiwasi wowote kuhusu gharika. Zabroni akawapisha, akawapa kiti cha mbele na biskuti.

"Mbona hawa wamechelewa kuliko yeye?" nikasema.

"Hawa ni watoto wa mzee wa kanisa."

Konokono mmoja akarudisha pembe ndani kwa aibu. Mwenzake akaendelea na biskuti.

Nikaona hapa sipati kitu. Nikatoka kupitia dirishani, na nje ya dirisha hapakuwa na gharika. Palikuwa na jua kali la stendi, na mama Atu amekaa nyuma ya beseni la maparachichi, simu iko mapajani.

"Mama Atu, mpelekee mtoto simu, wanafunga mlango!"

"Jamani mwalimu, nitampaje saa hizi?" akasema, huku anafuta parachichi kwa khanga. "Watu wananilipa humuhumu kwenye simu. Simu ikiondoka na biashara imeondoka. Ngoja basi la Songea lipite."

"Litapita saa ngapi?"

"Sala yenu ikiisha."

Hakuwa na ubaya. Ndivyo ilivyo hata nikiwa macho: basi linapita, yeye anajitwika beseni, anapanda kilima mpaka nyumbani, na mtoto anaipokea simu sisi tumeshasema amina. Nimemweleza Zabroni. Nimemwomba tusogeze darasa mbele kidogo. Aliniambia sala haisogezwi kwa ajili ya parachichi. Siku hiyo nilikaa kimya, na ukimya ule mpaka leo unaniwasha.

"Leo ndiyo ya mwisho," mama Atu akasema bila kuniangalia. "Nilikwambia."

Nageuka, na stendi imejaa maji ya bluu. Ni ile bluu nzito niliyoichanganya mwenyewe kwa ajili ya gharika. Niko tena ndani, nimebanwa kwenye dirisha dogo kando ya mlango, na kwa mara ya kwanza namwona Atupele mzima, siyo uso tu. Amevaa sare ya shule. Mkono mmoja una kijiti chake, kwa wa pili anabisha hodi mlangoni. Maji yako magotini.

"Mwalimu, niendelee kusubiri?"

"Usisubiri! Kimbia! Panda juu!"

Hasikii. Ananitazama kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mtu mzima anayefungua na kufunga mdomo.

"Maiki yako imezimwa," likaninong'oneza kopo.

Nikatafuta pa kuiwashia. Zabroni alikuwa ameikalia. "Tuko kwenye shuhuda," akasema. "Wasio na zamu wabaki kimya."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa hasira, na machozi yalipodondoka kwenye karatasi watoto wakayapokea kama hatua inayofuata. Wakachukua vijiko vya chai, wakadondosha maji kwenye karatasi zao, wakaniuliza kama inatosha.

Maji yakamfika Atupele kiunoni. Nikashika brashi yangu kubwa nimchoree mtumbwi. Nikapaka ubavu, ukasambaa. Nikapaka kasia, likawa ukungu.

"Hapo pameshaloa," likasema kopo. "Kila utakachopaka kitayeyuka."

"Sasa nifanye nini?"

"Unavyowafundisha watoto kuhusu nyeupe."

Ninavyowafundisha ni hivi: nyeupe haipakwi, nyeupe inaachwa. Darasani kwetu hakuna kidonge cha rangi nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe, na sehemu unayoitaka nyeupe unaipita tangu mwanzo, kwa sababu ukishaifunika kwa bluu huipati tena.

Basi nikafanya kilichobaki. Nikaizungusha bluu pembeni yake, polepole, nyuma ya kichwa, chini ya kwapa, katikati ya vidole vilivyokuwa vinabisha. Gharika ikapita kushoto na kulia. Yeye akabaki katikati, karatasi tupu. Sikumwokoa. Nilichoweza ni kutomfunika.

Safina ikaondoka. Zabroni akafunga kwa sala, akamshukuru Mungu kwa mahudhurio mazuri.

Nikaamka. Kengele ya Jumapili ilikuwa inalia. Mezani palikuwa na safina yangu ya jana, ile niliyowachorea watoto kama mfano huku "Mama Atu Parachichi" likiwaka pembeni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Imekauka, kona zimejikunja. Gharika yake niliijaza bluu ukingo hadi ukingo, nakumbuka vizuri, maana nilijisifu mbele ya watoto kwamba sijaacha hata tundu.

Kando ya mlango wa safina palikuwa na mtoto mweupe, urefu wa kidole gumba, mkono mmoja juu.

Nikapapasa. Hapakuwa na mkwaruzo wala rangi iliyofutwa. Ilikuwa karatasi ambayo haijawahi kuguswa, na bluu imekauka vizuri kuizunguka, hata katikati ya vidole.

Nikafungua simu. Kwenye kundi la wazazi palikuwa na mstari mmoja mpya: Mama Atu Parachichi ameondoka. Chini yake Zabroni ameweka mikono miwili ya kuomba, na ananidai picha ya jana aiweke kwenye ukurasa wa huduma. Nikaipiga, nikamtumia.

Hakukawia. "Bwana asifiwe mtumishi. Safina nzuri sana! Ila hapo kando ya mlango umesahau kupaka. Jaza bluu halafu utume tena."

"Hapo hapapakwi," nikaandika.

Akauliza kwa nini. Nilikuwa tayari natafuta viatu. Kwa mama Atu ni juu kilimani, pale inapoishia miparachichi, mtu yeyote stendi atanielekeza. Nitaenda na picha na brashi moja ya kweli. Nitabisha hodi. Wakiniacha nisubiri nje, nitasubiri.