Chumba cha Pili

Asheri alikuwa tarishi wa serikali pale Same, enzi za Mwingereza. Miaka tisa aliishi katika chumba kimoja cha makapera, ingawa kwao Ugweno alikuwa na mke, Lea, na watoto watatu. Sheria ya kota ilikataza kulaza mke mle. Kila mwaka alipeleka barua ya kuomba nyumba, na kila mwaka aliambiwa asubiri.

Mwaka 1953 akapewa. Vyumba viwili, jiko la nje, bati jipya. Alimwandikia Lea siku ileile.

Lea alikuja na watoto kwa gari moshi, akakaa wiki tatu. Joto lilimchosha, na bomba la maji lilikuwa moja kwa kota zote. Alipotaka kulima kando ya ukuta, alizuiwa. Uwanja ni wa serikali.

"Nyumba ni nzuri, baba Fanueli," alisema akifunga mizigo. "Lakini kahawa inaniozea mtini kule, na hapa sina hata mgomba. Tutakula bati?"

Asheri hakumzuia. Aliwasindikiza stesheni, akarudi, akafunga mlango wa chumba cha pili.

Miezi ikapita. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akala amesimama.

Ndipo Mzee Yahaya alipoachishwa kazi. Alikuwa mfagizi wa ofisi kwa zaidi ya miaka ishirini, jirani wa Asheri tangu kule kwa makapera, na sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kazi ilipokwisha, chumba nacho kikaisha. Asheri alimkuta amekaa nje juu ya godoro lake lililokunjwa.

"Shikamoo, mzee. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nilitoka Tabora na vita vya Mjerumani, nikiwa mpagazi. Huko nani ananijua leo?"

Asheri alibeba godoro kichwani, akamshika mzee mkono, akamfungulia chumba cha pili.

Ile ndiyo miezi aliyoipenda Asheri hapo Same. Alikuta moto umewashwa, na mtu wa kumuuliza, "Habari za kutwa?" Yahaya alichambua mchele kwa vidole, polepole, bila kuacha hata kijiwe kimoja.

Mwezi wa tano wa kukaa pamoja, Andrea, karani wa nyumba, alikuja kukagua.

"Bwana Asheri, nyumba hii ni ya mke na watoto. Huyu nani?"

"Baba yangu mdogo."

"Yahaya ninamjua tangu nilipoanza kazi," Andrea alisema kwa upole. "Jumatatu nitarudi. Nikimkuta, nitaandika, nanyi mtatoka wote wawili."

Yahaya alikuwa jikoni, akasikia yote. Usiku ule alikula vizuri.

Jumamosi Asheri alitumwa Gonja na barua. Aliporudi kesho yake, chumba cha pili kilikuwa kimefagiwa, na godoro halikuwapo. Alikimbilia stesheni. Mkata tiketi alimwambia mzee mmoja asiyeona vizuri alipanda treni ya Tanga asubuhi.

"Alisema anakwenda kwa nani?"

"Hakusema. Aliuliza tu mwisho wa reli ni wapi."

Jumatatu Andrea alikagua, akaridhika, akaondoka.

Krismasi Asheri alipanda Ugweno. Lea alimpa ndizi za moto, akamuuliza habari za yule mzee aliyetajwa kwenye barua za mumewe. Asheri alimweleza yote.

"Kwa nini hukumleta huku?" Lea akauliza. "Hapa nani angemkagua?"

Asheri alitazama sahani yake. Kwa siku zile zote, wazo hilo halikumjia hata mara moja. Alikuwa amewaza nyumba moja tu, ile ya bati.

Baada ya sikukuu alirudi Same. Aliandika barua mbili Tanga kumuulizia Yahaya, moja stesheni na nyingine msikitini. Hakujibiwa.