Mama Yangu Ana Miaka Minne

Mama yangu mzazi alifariki kabla binti yangu hajazaliwa, kwa hivyo tukampa mtoto jina lake, Kaluki. Kwetu Ukambani jina halitolewi bure. Tangu siku hiyo mimi, Mulinge, mwanamume mzima ninayeuza mbuzi Nuu, namwita mtoto wa miaka minne "Mwaitu", yaani mama, naye hunituma atakavyo. Mama hanyimwi kitu.

Ndiyo maana nilikosea. Kaluki alikuwa na kifafa, na hospitalini Mwingi tukapewa siku ya kupigwa picha ya kichwa. Angelazwa kwa dawa ya usingizi ili asitikisike.

"Tangu usiku asile, asinywe maziwa," muuguzi alikuwa ameonya. "Akitapika kama amelala, matapishi yataingia kwa mapafu."

Alfajiri ya siku yenyewe Kaluki akaketi kando ya moto. "Mulinge, mama yako ana njaa." Nikammiminia chai ya maziwa, nusu kikombe. Mke wangu Ndinda angenizuia, lakini Ndinda yuko Saudia analea watoto wa watu.

Hospitalini nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi la akina mama. Hapo ndipo onyo la muuguzi liliponirudia, nikaloa jasho. Nilimpigia Ndinda, simu haikupatikana. Nikamnong'onezea mama aliyeketi karibu nami.

"Nusu kikombe tu? Sema hajakula," akasema. "Ukirudishwa utangoja mpaka lini? Na akianguka kwa moto?"

Hilo la moto lilinikata maini, maana sisi tunapikia kwenye mafiga, moto wazi. Benchi lilikuwa limejaa pomoni, na sijawahi kuwa mpweke vile.

"Baba Kaluki, mtoto amekula?" muuguzi akauliza, sindano tayari.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. "Amekunywa chai. Ni mimi nimempea."

Nilikemewa mbele za watu mpaka masikio yakawaka. Tukapewa siku nyingine, tukarudi Nuu. Tangu hapo sikuthubutu kumwacha karibu na moto hata nikienda kuteka maji.

Siku ilipofika, alfajiri, aliketi palepale.

"Mulinge, chai."

"Hapana, Mwaitu."

Alilia mpaka sauti ikakauka. "Basi mimi si mama yako tena."

Maneno ya mtoto, najua, lakini yaliniuma kuliko makemeo yote ya hospitali. Nikambeba hivyo hivyo, akinipiga ngumi za mgongo, tukaenda.

Hospitalini, alipolala kwa sindano, walimwingiza ndani, nikabaki mlangoni na viatu vyake mikononi. Mama mzazi kaburini, mke ng'ambo, na huyu mdogo amenikana. Nilikaa nikivifuta vumbi viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

Mwishowe muuguzi akaniita. Picha imetoka vizuri, mtoto anaamka. Kaluki alifumbua jicho moja, akanitafuta nalo mpaka akaniona.

"Mulinge," akasema kwa sauti nzito ya usingizi, "wewe umekunywa chai?"

"Bado, Mwaitu."

"Enda ukunywe."

Nililia mbele ya muuguzi, bila haya.