Mbeleko ya Shaibu

Mdogo wangu Shaibu alikuwa mtu wa haraka tangu utotoni. Uji aliunywa ukiwa bado unatoka moshi, ulimi unaungua, na yeye anacheka. Kwa hiyo reli ya Wadachi ilipofika Dodoma na wakaanza kutafuta watu wa viberenge, sikushangaa kusikia kwamba wa kwanza kujiandikisha ni yeye.

Kiberenge, kwa asiyekijua, ni jukwaa la mbao lenye magurudumu manne ya chuma linalokwenda juu ya reli. Katikati lina mpini mrefu wa kusukumwa juu na chini. Watu wanne husimama, wawili mbele na wawili nyuma, na kadiri wanavyousukuma ndivyo kinavyokimbia. Hakina ukuta wala kiti. Nilipokiona mara ya kwanza nilimwambia Shaibu kwamba mimi hata mbuzi wangu nisingempandisha pale.

Mimi ndiye Stara, dada yake, na naweza kusema mama yake. Mama yetu alifariki Shaibu akiwa na miezi saba, nami nina miaka kumi na mmoja. Nilimbeba mgongoni kwa mbeleko ya kaniki, nikatwanga naye, nikachota maji naye, nikapigana na wasichana wenzangu kisimani naye akiwa amelala. Hakuwahi kunidondoka hata siku moja. Nalitaja hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Makole wamenisema mengi, na mengine ni ya kweli.

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Wadachi walisherehekea siku aliyozaliwa Kaisari wao. Zilikuwapo bendera na gwaride la askari, zikawapo mbio za punda ambazo punda wenyewe hawakuzitaka. Mwaka ule bwana wa reli akaongeza mbio za viberenge. Makundi mawili yangeshuka kwa zamu kutoka mteremko wa upande wa Mtumba mpaka stesheni, naye angesimama na saa yake mkononi. Dereva wa kundi litakaloshinda angepelekwa Morogoro kufundishwa kazi ya gari moshi.

Moyo wangu ulinasa hapo. Shaibu wangu juu ya gari moshi! Nilianza kujigamba kabla hajashinda. Kisimani niliwaambia wenzangu wazoee kuniita mama wa dereva, wakanicheka, nami nikawacheka zaidi.

Siku nane kabla ya sikukuu walifanya majaribio. Kundi la kwanza liliongozwa na Shaibu, na la pili na Matonya, kijana wa Kigogo, mpole, mwenye mikono mirefu. Kwenye kona iliyo karibu na stesheni mwenzake mmoja alivuta breki, ambayo ilikuwa kipande cha gogo kinachobana gurudumu. Kiberenge kikatikisika, Matonya akarushwa, kichwa kikapiga jiwe. Alikufa siku ya tatu bila kusema neno.

Tulidhani mbio zimekwisha. Bwana wa reli hakuona hivyo. Alisema breki ndizo zilizomrusha Matonya, akaamuru ziondolewe zote. Kwa bahati yake, kiberenge kisicho na breki ni chepesi na kinakwenda mbio zaidi.

Kudra, mke wa Shaibu, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alimlilia mumewe siku tatu asiende. Shaibu alimbembeleza, akamfuta machozi, kisha akarudi kupaka mafuta magurudumu. Mimi nilikuwa nawasikia kutoka jikoni na sikuingilia. Nilikuwa namuwaza Matonya, na kichwani mwangu lilikuwamo jambo moja tu: Matonya amekufa kwa sababu alianguka. Asiyeanguka hafi. Nikaenda kwenye sanduku langu nikaitoa ile mbeleko.

Asubuhi ya sikukuu yalinyesha manyunyu. Nilimkuta Shaibu stesheni, ameshapanda na wenzake watatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Simama wima."

Nilimzungushia mbeleko kiunoni mara tatu, nikaipitisha kwenye nguzo ya chuma inayobeba mpini. Wenzake wakaanza kuguna. Petro, rafiki yake, akageuza uso ili asicheke.

"Dada, watu wanatazama."

"Watazame. Nilikubeba hivihivi ukiwa uchi na hukuona haya."

Hapo wote wakaangua kicheko, na Shaibu naye. Kisha akaniuliza taratibu, "Na ikibidi niruke?"

"Huruki wewe. Niahidi hutalifungua hili fundo mpaka urudi hapa mbele yangu."

"Nakuahidi, dada."

Nilifunga fundo juu ya fundo. La pili nililikaza kwa meno.

Wakaondoka polepole kupanda mteremko. Baadaye bunduki ikalia huko juu, na kila aliyekuwa stesheni akanyoosha shingo. Tuliwaona wakija. Sijaona kitu kinachokwenda mbio namna ile maishani mwangu, na nasikia aibu kusema kwamba nilipiga vigelegele. Walipokaribia kona, mmoja akaruka kwenye mchanga. Akaruka wa pili, kisha Petro. Wa nne hakuruka. Mikono yake haikuwa kwenye mpini tena. Ilikuwa kiunoni, inahangaika.

Kiberenge kikaacha reli, kikapinduka naye, kikapinduka tena.

Nilikimbia bila viatu wala kanga. Nilipofika, mdogo wangu alikuwa chini ya zile mbao, na fundo langu liko palepale. Kaniki ilikuwa imelowa mvua na imekaza, haipitishi hata ukucha. Iliwabidi waikate kwa kisu ili wamtoe. Watatu walioruka walikuwa wamechunika magoti tu.

Tulimzika jioni ileile. Mji mzima ulivuma kwamba Wadachi wamemfunga mtu kwenye kiberenge kama mtumwa, na mimi nilinyamaza. Siku mbili nilipokea pole za watu.

Siku ya tatu ya matanga akaja karani wa reli aitwaye Zaidi, na daftari lake. Alikuwa ametumwa kuuliza nani alimfunga dereva. Kudra akainuka na tumbo lake, akamfuata mpaka mlangoni.

"Unauliza nini? Si nyinyi? Mmemfunga mume wangu kama mbuzi wa kuchinjwa, leo mnakuja kutuuliza!"

Askari aliyefuatana na karani akashika kiboko chake. Nikaona litakalofuata.

"Mwache," nikasema. "Ni mimi. Nilimfunga mimi, kwa mbeleko niliyombebea."

Karani aliandika jina langu taratibu, akauliza kama nilitumwa na mtu, nikasema hapana. Akafunga daftari. Kuhusu breki hakuuliza, na nilipotaja mimi breki alisema hakutumwa hilo. Wakaondoka.

Petro alikuwa amekaa mkekani karibu na ukuta. Nadhani alitaka kunifariji.

"Usijilaumu, dada Stara. Kule juu, kabla ya bunduki, sisi tulishuka tukakaa kando tukanywa maji. Tulimwambia afungue na yeye apumzike. Hata tulimwambia asijifunge tena, wewe uko mbali, utajuaje. Akasema, 'Dada analijua fundo lake, na nimemuahidi.' Akabaki amesimama peke yake juu ya kiberenge. Maji nilimpelekea mimi."

Nililia mpaka wanawake wakanishika mikono. Nilidhani hakuna neno jingine duniani linaloweza kuniumiza zaidi ya hilo.

Kudra alikuja akakaa mbele yangu. Hakuwa na hasira tena, na ningetamani angekuwa nayo.

"Wifi," akasema, "mimi nilimuomba siku tatu asiende. Hakunisikia. Mimi ni mke tu. Wewe ungemwambia mara moja, 'Shaibu, huendi,' angekaa."

"Ndiyo," nikasema. "Angekaa."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama, na Kudra alikuwa anangoja, mikono yake juu ya tumbo. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka ashinde.