Majani ya Ijumaa

"Ongeza," Mulei aliniambia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, shavu lake limelala juu ya mlango mbovu tulioufanya meza, jicho moja amelifumba. Nikachovya jani la karatasi kwenye gundi, nikalibandika kwenye uzi. "Ongeza tena, hapo juu ya waya." Nikaongeza. Alitazama kwa muda mrefu, pumzi zake zikiyatikisa yale majani, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ajali, "Katunge, njoo uangalie. Haonekani."

Nikapiga magoti kando yake. Kweli, hakuonekana. Nyuma ya mmea wetu wa karatasi, juu ya reli iliyotengenezwa kwa waya wa ua, alisimama mtu wa kijiti cha kiberiti. Lakini kutoka pale kwenye kona, ilipokuwa injini ya kopo, hungemwona hata ungekuwa na macho ya mwewe. Siku hiyo mume wangu alikula ugali, sahani nzima. Mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya choo cha ploti ya wapangaji, kwa sababu mimi ni mjinga, na kwa sababu nilikuwa nimemkosa sana.

Zamani ile reli ilikuwa mchezo. Tuliishi Kawangware, chumba kimoja, mtoto wetu Mwende tumempeleka kwa nyanya yake Makueni. Wanaume wengine wa ploti walikuwa na pombe na drafti. Wangu alikuwa na treni. Mchana aliendesha treni ya kweli, na akirudi nyumbani anatengeneza ndogo. Alikuwa ameokota mahali fulani gazeti la Wazungu lenye picha za reli za mezani, na tangu siku hiyo meza yetu haikuwa ya kulia chakula tena. Alijua tuta, alijua daraja, taa za ishara alizitengeneza kwa vifuniko vya kalamu. Majani ndiyo yaliyomshinda. Miti yake ilifanana na brashi za choo, nami sikumficha.

"Basi tengeneza wewe, mwenye mdomo," alinijibu siku moja.

Nikatengeneza. Mimi ni msusi wa viondo, mkonge nimekua nao. Nilimwonyesha jinsi ya kusokota uzi mmoja juu ya paja na kuuachia ukiwa bado na hasira, ujikunje wenyewe, kwa sababu mmea unaotambaa haujui kunyooka. Nilimwonyesha majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakikaushwa juani, yanavyokuwa udongo na takataka za chini ya ua. Majani yenyewe niliyakata kwa makasi ya kucha na kuyapaka rangi, na sikuyapaka kijani kimoja. La nchani ni dogo na limepauka. La chini limechanika, lina umanjano. Na hakuna jani linalolala tu, kila moja linageuza uso kutafuta jua. Tulicheka sana miaka ile. Mlima wetu ulikuwa gunia lililolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano, na panya waliula mara mbili.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mvua za Mei, mwaka wa tisini na nne. Mulei alikuwa akileta mizigo mjini, alasiri, na pale Kibera, kwenye kona ya Laini Saba, treni yake ikamgonga mtu akafa. Marehemu aliitwa Oluoch, fundi seremala. Mulei aliwaambia polisi kwamba hakuona mtu, alisikia tu. Akaniambia mimi vilevile. Akapewa likizo apumzike.

Hakupumzika. Aliacha kula, akaacha kunyoa, akawa anakaa akiangalia mikono yake. Asubuhi moja jirani yetu Gachanja alimkuta kule kuelekea Dagoretti, ameketi katikati ya reli kama mtu anayengoja chai. Alimshika mkono akaniletea. Siku hiyo hiyo Mulei alichukua nyundo akaivunja reli yake yote, daraja, mlima, stesheni, akabakisha ile kona peke yake.

"Nataka kujua kama ningemwona," alisema. "Ulikuwa unapita pale. Kulikuwa na majani. Nitengenezee, lakini usinionee huruma."

Nilipita pale kila Jumatano nikipeleka viondo mtaa wa Olympic. Kando ya reli kulikuwa na waya uliofungwa kati ya vyuma viwili vya zamani, na juu yake mtu alikuwa amepandisha malenge. Mmea ulikuwa umefunika waya wote kama pazia. Baada ya ajali watu waliojaa kutazama waliukanyaga ukaisha, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kwenda kuangalia. Nilikuwa na macho yangu tu. Naapa sikuongeza hata jani moja ambalo sikuwa nimeliona. Mungu aliniangalia nikibandika, naye anajua jinsi nilivyotamani kuongeza.

Ndipo ikafika siku ile aliposema haonekani, na ugali ukaliwa.

Wiki hiyo hiyo, mchana, nikasikia hodi. Alisimama mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, viatu vimejaa matope ya njia nzima kutoka Kibera. "Natafuta dereva," alisema. "Mimi ni Filister. Bibi ya Oluoch."

"Amelala," nikasema, nikauziba mlango kwa mwili wangu wote, na mimi si mdogo.

"Sijakuja kugombana, mama. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Mume wangu bado yuko mochari. Wazee wa kwao wanasema alijirusha. Ati kazi ilikuwa imeisha, ati alikuwa na mawazo. Mtu amejiua hazikwi ndani ya boma. Watamweka nje ya ua, usiku, bila mtu kulia. Halafu watoto wangu waitwe watoto wa huyo. Kesho watu wanasafiri na yeye. Hakuna mtu aliona, ni dereva peke yake."

"Mwache aingie," Mulei alisema nyuma yangu.

Alimwonyesha ule ubao kwa haraka, karibu kwa furaha, kama mshtakiwa aliyepata shahidi. "Angalia mwenyewe, mama. Weka jicho hapa, hapa ndipo mimi nilikuwa. Unaona mtu? Huoni. Nisamehe, ningekuwa nimeona ningekwambia."

Filister alipiga magoti. Alitazama, akainuka kidogo, akautazama mmea kutoka juu, akaugusa kwa kidole kimoja.

"Nani ametengeneza hii susa?"

"Mimi," nikasema, nikielewa kuwa susa ni yale majani ya malenge.

"Umeiweza. Hata hizi ncha zake." Akaondoa kidole. "Lakini hii ni susa ya Jumatano. Hii mboga ilikuwa yangu. Mimi ni Msabato, mama. Sabato sichumi, siuzi, sipiki. Ijumaa kabla jua lizame nachuma yote napeleka soko, inabaki kamba tu. Siku ile hapo hapakuwa na kitu."

Akanyoosha mkono. Nikamshika kiganja. Kilikuwa mifupa mitupu na nilikibana nikijua kinauma. "Usiguse. Unataka kuniulia wangu pia?"

"Wangu yuko kwa friji," alisema. Hakupaza sauti.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, yeye na matope yake na Ijumaa yake. Mulei alikuwa amesimama ukutani, rangi imemtoka usoni.

"Katunge," alisema. "Mwache achume."

Akachuma. Alichuma kama wanavyochuma wenye mboga, kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia chini akipanda juu, majani akiyakusanya kwenye kiganja cha kushoto. Kazi yangu ya siku nyingi ikaisha kabla sufuria yangu ya chai haijachemka. Zikabaki nyuzi za mkonge juu ya waya, na ncha chache zilizopauka. Mulei akapiga magoti, akaweka shavu kwenye ubao, akafumba jicho moja.

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Tuliyasikia yote.

"Kiatu," Mulei alisema.

"Nini?" Filister alisogea.

"Alikuwa ameinama. Mguu mmoja juu ya reli. Alikuwa anafunga kiatu." Hakuinua uso kwenye ubao. "Nilipiga honi nikavuta breki. Mizigo ile yote haisimami, mama, inasukuma tu. Akainua kichwa akaniangalia. Alitaka kukimbia. Alikimbia hatua moja, kiatu kikamtoka, akaanguka. Nilimwona. Mungu wangu, nilimwona wakati wote."

"Alitaka kukimbia?"

"Alitaka."

Filister aliketi sakafuni, kiganja chake bado kimejaa yale majani ya karatasi. Nilidhani atashukuru. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta.

"Kamba ya hicho kiatu ilikatika asubuhi tukienda kanisa," alisema. "Niliiunga na uzi wa gunia. Nikamwambia itashika mpaka jioni."

Chai ikachemka ikamwagika, nami nikaiacha imwagike.

Oluoch alizikwa ndani ya boma lake, mchana, watu wakilia. Mulei alisimama mbele ya wazee wasiomjua akawaambia, "Nilimwona," na wengine walitaka kumpiga. Treni hakuiendesha tena. Hayo niliyasikia na kuyaona baadaye.

Ninachokibeba mimi ni jioni ya kesho yake baada ya majani kuchumwa, walipokuwa wakiondoka na jeneza kwenda kwao Oluoch, kule ziwani. Mulei aliketi kitandani kufunga viatu vya safari, vidole vikakataa. Alijaribu, akajaribu, kamba zikamtoka. Nilikuwa naweka mkate kwenye kiondo. Kabla sijaugeukia mlango, Filister, aliyekuja kumchukua, alikuwa ameshaingia na kupiga magoti mbele yake. Alimfunga kiatu cha kushoto, akafunga cha kulia, fundo mara mbili, akalivuta kulijaribu. Lilishika. Akalivuta tena. Akalivuta tena, na tena, mpaka nikaweka kiondo chini nikamshika bega.