Mtumbwi wa Turubai

Anastasie alipata habari za mume wake kwenye chemchemi, kutoka kinywani mwa jirani yake Nyiransabimana, kabla mume mwenyewe hajasema neno.

"Mama Sidonie," jirani alimwambia huku akijitwika mtungi, "unajua kama bwana yako anakaaka juu ya mayi siku hizi?"

"Mayi gani?"

"Ya muto Oso. Nilimuona jana kisha misa, nilikuwa natafuta mbuzi yangu. Amekaa ndani ya kintu kama ganda ya haragi, anapita bila kutembea. Nilimuita, akaniinulia mukono kama Muzungu."

Nyiransabimana alicheka mpaka maji yakamwagika begani. Anastasie hakucheka. Alipanda kilima na mtungi wake kichwani, akisimama mara kwa mara kupumzisha magoti, na kila aliposimama hasira ilimpanda kidogo zaidi. Jana yake, Jumapili, mume wake Grégoire alikuwa amemwambia kwamba anakwenda kumsalimia mzee Munyakazi, mfuga nyuki.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wazungu kwisha, na watu wa vilima vya Bihambwe walikuwa bado hawajapumzika. Anastasie alikuwa na mashamba mawili. Moja lilikuwa lake, la maharagi na muhogo, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukilima mguu mmoja unakaa juu na mwingine chini, na jioni kiuno hakijui tena kunyooka. La pili lilikuwa la Leta, yaani la serikali, ambalo kila nyumba ililazimishwa kulima, na moniteur, msimamizi wa kilimo, alipita kulikagua akiwa na viatu safi. Juu ya hayo kulikuwa na kuni, maji, na mama mkwe aliyekuwa haoni vizuri. Binti yao wa kwanza, Sidonie, aliyekuwa akimsaidia, alikwishaolewa Pinga, mbali kule upande wa Walikale. Uchovu wa Anastasie ulikuwa ule usiotoka kwa kulala. Aliamka nao, akavaa nao kitambaa chake cha kichwa, akaenda nao shambani.

Jioni, Grégoire aliporudi kutoka plantation, shamba kubwa la Mzungu, Anastasie alimpa kiti, akamtazama usoni. Na kweli, aliliona jambo ambalo alikuwa hajaligundua wiki zile zote: uso wa mume wake ulikuwa umelegea, kama uso wa mtu aliyelala vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko uongo.

"Papa Sidonie, uko na mutumbwi?"

Grégoire aliketi kwanza. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, lakini shingo yake ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja tangu miaka ya vita, alipokuwa akibeba mizigo ya Leta kutoka Masisi kushuka msitu wa Walikale, kupanda, kushuka tena. Sasa alibeba mawe na mbao kwa Mzungu aliyelima pareto.

"Iko ya yule géomètre," alisema mwishowe. "Yule alikuja kupima muto juu ya kujenga daraja. Mifupa yake iko ya mbao, ngozi iko ya turubai. Inakunjwaka, inaingia mu mifuko mbili. Miye njo nilikuwa naibeba. Siku moja muntu wa kushika fimbo ya kupimia aliugua, nikakaa nyuma pahali pake. Kisha homa ikamushika géomètre, wakamurudisha Ulaya. Alisema, hii kintu mutupe."

"Na wewe?"

"Sikutupa."

"Na unafanyaka nini kule?"

Grégoire hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nilibeba vintu maisha yangu yote, Mama Sidonie. Kule chini njo mara ya kwanza kintu kinanibeba miye."

Anastasie aliinuka, akaanza kukusanya vyombo ambavyo havikuhitaji kukusanywa.

"Na miye?" alisema akiwa amempa mgongo. "Miye, nani ananibebaka?"

Grégoire alikaa akitazama mikono yake.

Jumapili iliyofuata hakushuka mtoni. Baada ya misa alichukua jembe, akaenda na mke wake kupalilia, ingawa padri alikataza kazi siku hiyo. Chini kabisa, nyuma ya miti na mafunjo, mto ulisikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Anastasie aliona jinsi mume wake alivyosimama mara mbili tatu, jembe mkononi, akigeuza shingo yake iliyopinda kuelekea sauti ile. Alipaswa kufurahi kwamba ameshinda. Hakuona furaha yoyote. Alijiona tu kama mtu aliyemnyang'anya mwenzake chakula asichokitaka yeye mwenyewe.

Juma lile mvua ilinyesha sana, na paa la jiko likavuja juu ya maharagi waliyokuwa wamehifadhi kwa mbegu. Anastasie alipoona maji yanadondoka kwenye vikapu, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye turubai. Turubai la Mzungu, zito, lisilopitisha maji, limelala bure chini kwenye majani.

"Leo unanipeleka," alimwambia Grégoire walipotoka kanisani. "Nione hiyo kintu." Alikuwa na panga ndani ya kikapu chake, na Grégoire aliliona panga lile. Alitangulia njiani.

Hakuna mtu wa kilimani aliyeupenda mto Oso. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi, na mtoni hapakuwa na samaki wa maana. Watu waliutaja pale tu ulipowakosea: ulipochukua ng'ombe wa fulani, ulipobomoa gogo la kuvukia, ulipowatia wachungaji mafua na ruba miguuni. Anastasie mwenyewe alikuwa ameuvuka mara nyingi sana tangu usichana wake, mzigo kichwani, macho kwenye vidole vya miguu asiteleze. Kama ungemuuliza mto ule una rangi gani, asingejua.

Mtumbwi ulikuwa umefichwa chini ya migomba ya mwituni. Ulikuwa mwembamba na mrefu, wa rangi ya majivu, una nafasi mbili za kukaa, na kasia lake lilikuwa na bapa kila upande. Anastasie aliligusa turubai kwa kiganja. Lilikuwa zuri kuliko alivyofikiri. Lingetosha paa zima la jiko.

"Kabla ya kukata," Grégoire alisema, "ingia kwanza. Mara moja tu. Kisha utafanya vile unataka."

Anastasie alitaka kukataa. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma kwa kushuka, na kiti kilikuwa kimetandikwa majani makavu. Alijiambia atakaa tu apumue. Aliweka kikapu chenye panga mbele ya miguu yake, akashika kingo pande zote mbili, na mume wake akausukuma mtumbwi kutoka ufukweni, akaruka nyuma.

Mtumbwi uliyumba. Anastasie akapiga yowe, akalitaja jina la Bikira Maria. Kisha ukatulia, na mambo yote yakanyamaza. Hakukuwa na hatua za kukanyaga. Ukingo ulianza kurudi nyuma wenyewe, polepole, na mwili wake ulikuwa haufanyi kazi yoyote. Alingoja kidogo, akidhani kuna jambo litakalotakiwa kutoka kwake. Hapakutakiwa jambo.

Maji yalikuwa na rangi ya chai. Hilo ndilo la kwanza aliloliona. Pale jua lilipopenya kati ya miti, uliweza kuona mpaka chini, mawe yamelala kama mayai. Majani ya migomba mwitu yaliinama yakanywa. Ndege mdogo wa buluu alikuwa ametua kwenye tawi juu ya maji. Akawatazama, akaruka mbele, akatua tena, akawatazama tena, kama anayewaongoza wageni kwake.

"Iko vile siku zote?" Anastasie aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku zote."

"Hata wakati tuko tunalima?"

"Hata wakati watu wanalala, iko."

Walizunguka kona, na miti ya upande wa kulia ikaachana. Kilima kikatokea, kimesimama wima juu yao. Katikati yake palikuwa na kipande cha udongo mwekundu, kimeegemea mteremko kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na kijia kilichopanda kwenda huko kilikuwa chembamba kama uzi.

"Ile shamba ya nani inasimama vile?" Anastasie aliuliza. "Muntu gani anaweza kulima pahali kama pale?"

Grégoire aliacha kupiga kasia. "Iko yako, Mama Sidonie."

Anastasie alikitambua kisiki cha mti, na jiwe jeupe alipozoea kuweka kikapu. Alikuwa hajawahi kuliona kwa mbali. Alikuwa amelitazama miaka yote kwa umbali wa mpini wa jembe. Alikaa akitazama juu, kichwa kimelala nyuma, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele. Hayakuwa ya huzuni hasa. Yalikuwa kama ya mtu aliyekuwa akiugua bila jina la ugonjwa, halafu akaambiwa jina.

"Njo pale," alisema. "Kila siku, njo pale napanda."

Grégoire aliweka kasia juu ya mapaja yake, akauacha mtumbwi uende. Baadaye, Anastasie alipojifuta uso kwa ncha ya kitambaa, alinyoosha mkono nyuma.

"Leta hiyo kintu."

Alipiga kasia vibaya. Mtumbwi ulikwenda upande huu, ukaenda upande ule, na Grégoire akalowa mpaka kifuani, akacheka kicheko ambacho Anastasie hakuwa amekisikia tangu kabla ya vita. Yeye pia alikuwa anaanza kutabasamu pale walipolisikia jiwe. Lilisugua chini yao kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na maji baridi yakaingia yakamfikia kiunoni.

Mto haukuwa wa kina pale. Waliruka wote wawili, wakashikilia mtumbwi, wakauburuta mpaka kwenye changarawe, wakaanguka kando yake wakihema. Mpasuko ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu. Kanga ya Jumapili ya Anastasie ilikuwa imelowa tope. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa juu, yote juu.

Grégoire aliutazama mtumbwi, kisha kikapu. Uchovu wake wote ulikuwa umerudi usoni, kama mtu aliyevaa tena koti la kazi.

"Panga yako iko pale," alisema. "Kata. Sasa imekwisha kuharibika. Tutapeleka turubai peke yake, mbao tutaacha."

Anastasie alilichukua panga. Alilishika muda. Alifikiria paa la jiko, na mbegu, na mvua ya kesho. Vyote vilikuwa vya kweli. Kisha alikwenda kwenye kichaka, akakata kamba za mimea itambaayo, akarudi nazo.

"Funga vizuri, tuipeleke nyumbani," alisema. "Miye nitabeba mbele."

Walipanda mchana ule mtumbwi ukiwa mabegani mwao, Anastasie mbele kwa sababu alikuwa mfupi, Grégoire nyuma. Walipumzika kila mahali palipokuwa na kivuli. Watu waliwaona. Nyiransabimana alisimama mlangoni pake, mkono mdomoni.

Anastasie alishona mpasuko ule mwenyewe, kwa sindano ya kushonea magunia, na nta ya nyuki waliyopewa na mzee Munyakazi, kisha wakaurudisha mtumbwi mafichoni kando ya mto. Jiko waliliezeka kwa nyasi, kama watu wengine wote, na lilivuja kidogo, kama la watu wengine wote. Walishuka mtoni Jumapili zilizofuata, si zote. Mara nyingine walikuwa wamechoka mno hata kwa kwenda kupumzika.

Siku moja katikati ya juma, msimu wa palizi, Anastasie alitoka asubuhi na jembe lake kama kawaida. Alipofika njia panda, alisimama. Njia ya kulia ilipanda kwenda shamba la Leta, na magugu yalikuwa yamefika magotini. Kesho yake moniteur angepita. Alisimama pale mpaka mbu wakaanza kumwona. Kisha akashuka.

Aliusukuma mtumbwi peke yake mpaka kwenye maji matulivu, akaufunga kwa kamba kwenye mzizi usije ukachukuliwa na mkondo, akajilaza ndani yake, miguu imenyooka, kitambaa usoni. Maji yaligonga turubai chini ya mgongo wake, taratibu, bila haraka ya kumpeleka popote. Hakusali, wala hakupanga jambo. Alilala.

Alipoamka jua lilikuwa limevuka ng'ambo ya pili, na ndani ya mtumbwi kulikuwa kumeanguka majani. Alibaki akiyatazama matawi. Mwili bado ulimuuma, na kupanda kulimngojea. Aliosha uso kwa maji ya Oso, akayaonja. Yalikuwa na ladha ya majani na chuma. Halafu akafungua kamba, akashika kasia, akarudi ufukweni akienda upande, akinyoosha, akienda upande tena.