Tangi Juu ya Cherehani

Mzee Ngassa alinichukia tangu siku kompyuta ilipoingia ofisini, nami sikumwacha achukie peke yake. Nusu ya majengo ya Shinyanga mjini aliyachora yeye kwa mkono. Mwaka 1997 mwenye ofisi alipoleta mashine, na mimi Raudha wa kuiendesha, mzee akaniona mwizi. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa amegeukia ukutani.

Kilichotufikisha pabaya ni duka la nguo la Irfan, karibu na soko. Irfan alitaka kuongeza ghorofa. Mzee alichora, mimi nikaingiza kwenye kompyuta na kuchapa. Nilipochapa ramani ya juu, niliilaza ramani ya chini nyuma yake kwa mistari iliyofifishwa, kijivu chepesi, ili fundi aone ukuta wa juu unakalia nini.

Karatasi ilipotoka nikaona balaa. Chumba cha tangi la maji, lita elfu tano, hakikukalia kitu. Irfan aliomba duka liwe pana, mzee akafuta ukuta wa chini na kusahau kilichokuwa juu yake. Hakuweka boriti wala nguzo.

Nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, kwa hiyo najua aliona. Lakini rasimu yake ilishapitishwa halmashauri, na kukiri kosa kulimaanisha kurudi kule kuinamisha kichwa mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Akasema karatasi yangu ni chafu, hajawahi kumpa mteja mchoro wenye masizi.

"Ondoa huo ukungu," akaniambia. "Chapa kila ghorofa peke yake. Na pale kwa mchoraji, weka jina lako."

Miaka ishirini kisanduku kile cha jina la mchoraji kilikuwa chake, hakigusi mtu, leo ananigawia! Nilichapa karatasi safi kama alivyotaka, maana kibarua nilikihitaji, ila kisanduku nikakiacha kitupu. Akachukua kalamu akaniandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kulalia kulia. Tangi likianguka, wa kwenda jela ni mimi.

Kesho yake alikuja Nazia, mke wa Irfan, Mama Fiza kwa watu wa mtaani, kuchukua ramani. Alikuwa mshonaji, na meza yake ilikaa mle mle dukani. Akauliza tangi litakuwa wapi, asije akashona huku maji yanamlilia kichwani. Mzee akamwonyesha karatasi ya juu. Yule mama hakujua kusoma ramani, lakini alijua kazi yake. Alichukua karatasi zote mbili, akalinganisha pembe, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, vile anavyofanya akinakili maua ya kutarizi kwenye mtandio. Jua likapenya. Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

"Mzee, hili tangi liko juu ya cherehani yangu," akasema. "Na chini yake sioni ukuta."

Mzee Ngassa akanyoosha kidole kwenye kisanduku.

"Muulize aliyechora. Jina lake hilo hapo."

Mama Fiza akalisogelea jina, akalitazama, kisha akamtazama yeye. Akasema polepole kwamba mwandiko ule anaufahamu, uko kwenye ramani ya nyumba ya baba mkwe wake, imetundikwa sebuleni, anaipangusa vumbi kila Ijumaa. Nikatoa ile karatasi chafu kwenye mtoto wa meza yangu, nikaitandaza mbele yao. Mzee akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Ukuta ukarudishwa. Nikachapa ramani mpya, ya chini imefifia nyuma ya ya juu, kisanduku nikakiacha kitupu tena, na Ijumaa hiyo nikafukuzwa kazi kwa kukosa adabu kwa wakubwa. Mzee alisimama mlangoni kuhakikisha sichukui hata rula.

Baada ya miezi miwili nilipita pale dukani. Ukuta wa chini ulishasimama, na nyuma yake cherehani ya Mama Fiza ilikuwa ikikimbia. Fundi alikuwa amegongomea ramani yangu kwenye ubao. Nikainama kusoma kisanduku cha mchoraji. Kwa mwandiko mzuri wa kulalia kulia, kilisema Ngassa.